Nyimbo Nilizozijua kwa Besi Tu

Mume wangu aliimba besi katika kwaya ya parokia yetu hapa Kalemie tangu kabla hatujaoana mpaka Jumapili ya mwisho ya maisha yake. Alikuwa fundi wa mashine bandarini, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya sikukuu. Mazoezi ya nyumbani aliyafanya wakati wa kuoga. Bafu letu liko uani, limezungushiwa mabati na halina paa, na besi ilitoka mle kama inatoka ndani ya pipa. Jirani mmoja alikuwa na tabia ya kuuliza juu ya ukuta kama hatimaye tumenunua jenereta. Mume wangu alimjibu kwamba ndiyo, na mafuta yake ni bukari, yaani ugali, na samaki wa mikebuka, kwa hiyo jirani asisahau kuleta sahani yake.

Alifariki kwa presha. Asubuhi alikwenda kazini akiwa mzima, mchana wakaja kuniita. Sitaandika mengi kuhusu siku hiyo. Joto la hapa halingoji mtu, tukamzika kesho yake, na mdogo wake hakuwepo.

Huyo mdogo wake ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Ni mtunzi wa muziki. Kwetu ukisema hivyo watu wanafikiria gitaa na bendi, lakini shemeji yangu anaandika muziki wa aina nyingine, kwenye karatasi zenye mistari, na watu wanaupiga kwa fidla na piano katika kumbi za Ulaya ambako hakuna anayecheza wala kupiga makofi mpaka mwisho. Solfa ya kwanza, do re mi, alifundishwa na kaka yake, mezani kwangu. Baadaye akasoma Kinshasa, kisha akaenda mbali zaidi. Habari ya msiba ilimkuta huko, na ndege haziji Kalemie eti kwa sababu tu mtu anahitaji zije.

Alifika miezi mingi baadaye, kwa ajili ya kuondoa matanga. Kwa sisi wa kwaya, mjane anakaa na nguo yake nyeusi na haimbi pamoja na wenzake mpaka siku hiyo. Familia inakutana, misa inasomwa, nguo nyeusi inavuliwa, na mtu anarudi katika mambo ya watu. Mimi ni alto. Muda wote huo nilikuwa nakwenda kwenye mazoezi na kukaa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi.

Siku ya kwanza nilimuuliza shemeji kama anataka nimpeleke makaburini. Alisema hapana, bado.

"Sikufika kumuzika kaka yangu, shemeji. Siwezi kwenda pale mikono mitupu. Nimemuandikia wimbo. Kwaya yake ikiuimba kwenye misa, njo hapo nitakwenda."

Nilielewa. Kila mtu aliyefika msibani alifanya kitu: mwingine alichimba, mwingine alibeba maji, mwingine alipika sombe ya majani ya muhogo kwa sufuria kubwa. Yeye peke yake hakufanya lolote. Wimbo huo ulikuwa kazi yake ya msibani.

Kwaya walimpokea vizuri mno. Walimwita Maestro, wakampa kiti chenye mto, na mama mmoja wa alto anayeuza mikebuka sokoni akamletea samaki waliofungwa kwenye jani la ndizi, akisema wanaume wanaokaa Ulaya wanakonda shingo. Karatasi ya wimbo ilikuwa moja tu. Kwa desturi ya kwaya yetu, kila sauti ina mtu wake wa kunakili, wengi wao akina mama: anaichukua nyumbani, anaandika solfa ya upande wake kwa mkono, halafu wenzake wanatoa fotokopi. Ndivyo tulivyofanya daima, na nyimbo zetu zote zimepita katika mikono ya akina mama hao.

Niseme ukweli kuhusu wimbo wenyewe. Kutoka kwenye benchi langu, mara ya kwanza walipoimba wote pamoja, nilidhani wanajaribu sauti zao kila mtu peke yake kabla ya kuanza. Halafu nikamwona shemeji, kupitia dirishani, anapunga mikono, na nikajua wameshaanza. Alisimamisha. Akarudia. Akasimamisha tena, akaenda kuangalia karatasi ya alto, na akauliza ni nani aliyeandika re mahali pale.

Mama muuza mikebuka akainua mkono bila woga.

"Njo miye, Maestro. Niliona kosa, nikakusaidia."

"Kosa gani, Mama?"

"Soprano wako kwenye fa, sisi umetuweka kwenye mi. Tunagongana. Nikasema, huyu mutoto aliandika ndani ya ndege, na ndege inatikisika."

Watu wakacheka. Lakini shemeji alikuwa ameshageukia karatasi ya soprano. Mwandishi wao naye alikuwa ameona kosa lile lile, naye aliwahurumia alto, akaishusha fa ikawa mi. Kwa hiyo kila upande ulikuwa umempisha mwenzake, na wote wawili wakahama pamoja, na bado wanagongana. Tenori walisema wao hawakubadilisha kitu. Baadaye ikajulikana kwamba wamebadilisha sehemu tatu, ila walidhani hizo hazihesabiki kwa sababu ni fupi.

Shemeji hakucheka. Aliwaeleza kwa heshima kwamba hakuna kosa. Sauti hizo zinatakiwa kugongana, ndivyo alivyozisikia kichwani, na hivyo ndivyo kifo kilivyo.

Prezida wa kwaya ni mzee mpole, papa kama tunavyoita wazee hapa, ambaye hajawahi kubishana na mtu mbele yangu. Aliuliza swali moja tu.

"Zitagongana mpaka wapi, Maestro?"

"Mpaka mwisho, Papa."

Prezida akaitikia kwa kichwa. Wakaandika upya fa na mi, wakajaribu. Sikuona mtu aliyefanya uvivu. Lakini hawa ni watu waliojifunza kuimba kwa kusikiliza jirani, na sikio lao liliwavuta kwenye sauti tamu kila mara, kama maji ya ziwa yanavyoutafuta mto Lukuga. Wakishika mi kwa nguvu zote, wakifika katikati ya mstari wanakuwa wameshateleza. Mama muuza mikebuka aliziba masikio kwa vidole ili asiwasikie soprano, akaimba sawa kabisa, halafu akauliza kama siku ya misa ataruhusiwa kufanya vile mbele ya padri.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nikaanza kuosha dagaa. Shemeji akakaa kwenye kigoda karibu na makaa, mikono katikati ya magoti, kama kaka yake alivyokuwa anakaa akitoka kazini amechoka. Alisema ataondoa wimbo. Kwaya iimbe tu zile wanazozijua, yeye atakaa nyuma pamoja na wageni, halafu atarudi alikotoka.

"Na makaburini?" nikamuuliza.

Akaniuliza kama mimi wimbo wake niliupenda. Ningeweza kumdanganya, alikuwa mgeni na alikuwa ameumia. Lakini kaka yake hakuwa mtu wa kudanganywa na yeye pia nilimwona si mtu wa hivyo.

"Sikuupenda, shemeji. Nilitafuta mahali pa kukaa ndani yake, sikupaona."

Akanieleza kwa utaratibu, na mimi nitaandika kama nilivyoelewa. Alisema zamani muziki wa Ulaya ulikuwa na nyimbo nzuri zenye nyumba: zinatoka, zinazunguka, zinapotea kidogo, zinarudi nyumbani. Kisha vikaja vita vikubwa, watu wakauawa kwa wingi usiofikirika, na waliowaua walikuwa wanarudi nyumbani jioni na kusikiliza nyimbo hizo hizo nzuri na kulia machozi. Watunzi waliokuja baadaye wakaona uzuri ule umetumika vibaya, hauaminiki tena. Wakaandika muziki uliovunjika, kwa sababu dunia imevunjika. Walimu wake walifundishwa na watu hao, naye akafundishwa hivyo. Kuandika wimbo mtamu juu ya kifo kwao ilikuwa ni kama kumpaka maiti poda.

Nilimwambia hiyo nimeielewa. Vita tunavijua. Nilimwambia pia kwamba watu waliokimbia kutoka upande wa Nyunzu walipofika hapa na mabunda yao kichwani, niliwasikia wakiimba jioni kwenye kambi, na waliimba vizuri kadiri walivyoweza. Sikusema ili kumshinda. Ndivyo nilivyosikia tu.

Akaanza kucheka kidogo, si kwa furaha. Akasema hata kule mambo yanageuka. Kuna watunzi sasa, wengine vijana wa rika lake, wengine wazee, wanaorudi kwenye nyimbo zenye nyumba. Mmoja alikuwa mwalimu wake. Maisha yake yote mzee huyo alikuwa ameandika muziki mgumu, na ameheshimiwa kwa huo. Alipofiwa na mke wake akaandika kitu cha fidla, chepesi, chenye sauti za kawaida kabisa. Wenzake walisema amezeeka, sasa anauza sukari.

"Na miye nilisema hivyo," akaongeza. "Nilicheka pamoja nao."

Akatoa simu akanisikilizisha. Umeme unaotoka bwawa la Bendera ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu ilikuwa na chaji kidogo, akaniambia labda haitafika mwisho. Nikafuta mikono. Zilikuwa fidla nyingi, polepole sana, sauti moja inashuka na nyingine inaipokea chini kabla haijaanguka. Mimi sijui muziki huo. Nilichojua ni kwamba yule mzee alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake na kila chumba alichoingia hakikuwa na mtu. Nilijua kwa sababu nimetembea hivyo. Wala haikuwa sukari. Ilifika mwisho, na dagaa walikuwa wameungua upande mmoja.

Shemeji akasema yeye hawezi kuandika vile. Nikamuuliza hawezi au anaona haya. Akasema kwamba akijaribu, anasikia tu nyimbo za watu wengine, na kwamba wimbo wa kaka yake hauwezi kuwa wa kuokota. Angekuwa angalau anakumbuka kaka yake alikuwa anaimba nini siku za mwisho, angeanzia hapo. Akasema mimi ndiye niliyekaa naye. Alikuwa anaimba nini bafuni?

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mume wangu nyumbani hakuwahi kuimba wimbo. Aliimba besi. Ile sauti ya juu ambayo kila mtu anaijua, ambayo watoto wanaipiga mluzi barabarani, aliiacha kwa wenye kazi hiyo. Nyimbo zote za nyumba yangu nimezijua kutokea chini, kama mtu anayejua nyumba ya jirani kwa kuona msingi tu.

Nikamwimbia. Nilijikohoza kwanza, nikashusha kidevu, kwa sababu sauti ile haimo kooni mwangu. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuimba, ikatoka na mchanga. Inaanzia nyumbani, inashuka ngazi moja moja, inasimama mahali, inakaa pale muda mrefu mno mpaka unafikiri imesahau, halafu inaruka juu na kurudi. Niliimba kama nilivyoisikia asubuhi kwa asubuhi, na sehemu ambayo alikuwa anajimwagia maji na kukata pumzi, nami nikakata.

Shemeji alisikiliza ameinama. Akaniomba nirudie. Nilipomaliza alikuwa anacheka, safari hii kweli.

"Shemeji, hizo ni nyimbo tatu. Mwanzo ni wa Kwaresima, katikati ni wa ndoa, na ule mwisho sijui ameutoa wapi. Alikuwa anachanganya."

"Alikuwa anaoga," nikamjibu.

Tukacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kama kuna mgeni. Halafu shemeji akaomba kalamu. Aliandika besi ile yote, pamoja na mahali pa kukata pumzi. Siku zilizofuata alikaa mezani. Umeme ukija alikuwa anapiga kinanda kidogo tulichoazima parokiani, ukiondoka alikuwa anaimba kwa kunong'ona. Mimi nilipita nikienda jikoni na kurudi. Nilimsikia anaweka juu ya besi ya mume wangu sauti ya tenori, kisha ya alto, na zilipatana. Mara nyingine alikasirika na kufuta. Aliniambia kinachomsumbua si kwamba ni rahisi. Ni kwamba ni vigumu zaidi: sauti zikigongana hakuna anayejua umekosea, lakini huku kila mtu atajua, hata mama wa mikebuka.

"Huyo atakusaidia," nilimwambia.

Sauti ya juu aliiandika mwisho. Haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya mtu anayezungumza taratibu na mwenzake aliye chumba cha pili. Kuna mahali, besi inapokaa muda mrefu kama imesahau, ambapo soprano na alto bado wanagongana kidogo. Nilimuuliza kama hilo ni kosa. Akasema hapana, hapo lazima paume, lakini tutatoka.

Kwaya waliujifunza wimbo kwa haraka iliyomtia shemeji aibu. Akina mama wa kunakili walipewa onyo wasimsaidie mtu, na kwa mara ya kwanza hawakusaidia. Besi wenyewe, walipoimba upande wao, walitazamana. Hawakuambiwa imetoka wapi, lakini walikaa na mume wangu benchi moja miaka mingi, na papa mmoja wao akakunja karatasi yake akatoka nje kidogo, akasimama karibu na benchi langu bila kunisalimia, akarudi ndani.

Siku ya kuondoa matanga wageni walijaa. Walikuja ndugu kutoka Mpala kwa mtumbwi na wengine kutoka Kabimba, wote katika kitenge kimoja. Baada ya mahubiri akina mama wa familia walinipeleka chumba cha nyuma, wakanivua nguo nyeusi, wakanivalisha kitenge kipya, wakinikaza kiunoni kama natakiwa kubeba mzigo. Nilirudi kanisani na kwenda kusimama mahali pangu kati ya alto. Mama muuza mikebuka alinisogezea karatasi yake bila kunitazama.

Besi walianza peke yao. Shemeji aliwapa mkono mara moja tu. Walipofika mahali pa kukata pumzi walikata, na kanisa zima likasikia ukimya ule, ingawa ni mimi na yeye tu tuliojua kwamba pale kuna mtu anajimwagia maji. Kisha tenori, kisha sisi. Nilidhani sitaweza, nikaweza. Tulipofika penye kuuma paliuma, na tulisimama pale wote pamoja bila mtu kuteleza, halafu tukatoka. Tuliporudia mara ya pili, watu waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wameshaanza kuingia, wengine wakimfuata soprano, wengine wakivuma tu chini. Shemeji alishusha mikono. Hakuna aliyekuwa anamhitaji tena. Alisimama ametazama sakafu, na wimbo ukaenda wenyewe mpaka nyumbani.

Si wote walioupenda. Kijana mmoja anayesomea upadri alisema nje, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba kwa mtu aliyesoma Ulaya alitegemea kitu kikubwa zaidi. Shemeji alimsikia. Alimwambia kwamba miaka michache iliyopita na yeye angesema hivyo hivyo, akamkaribisha chakula.

Nilimuuliza wenzake wa kule watasemaje. Akasema watasema sukari. Alisema vilevile kwamba akirudi atakwenda kwanza kwa yule mwalimu wake mzee, kumwomba msamaha, na kumpigia besi ile bila kumwambia kitu.

Kesho yake asubuhi akaniambia twende. Tulipanda kwa miguu, mimi na ufagio wangu, maana kaburi lina saruji na majani yanakusanyika juu yake. Shemeji alikuwa amevaa shati la mazoezi, hana kitu mkononi. Nilimwonyesha. Alisoma jina polepole kama mtu anayehakikisha anwani. Alikaa amechuchumaa muda, akaweka kiganja kwenye saruji, ilikuwa bado baridi.

"Nimefika, kaka," akasema.

Akageuka, akachota udongo mwekundu pembeni ya njia, konzi moja, akaumwaga juu ya kaburi, kama wanavyofanya ndugu siku ya kuzika. Udongo ulisambaa kwenye saruji na mwingine ukateleza chini. Alijifuta mkono kwenye suruali.

Nilifagia majani upande wa miguu na pembeni yote. Pale alipomwaga udongo sikufagia.